Phoebe Syokau Mwololo: Aliyewafanya Maadui Waweke Bunduki Chini

Phoebe Syokau Mwololo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1957 huko Mwala, Machakos, kifungua mimba wa Mzee Musili na mkewe. Ndugu zake walioketi hapa wanajua ni nani aliyeamua kila ugomvi wa boma lile, na kwamba hukumu zake hazikuwa na rufaa.

Alisomea Mwala, kisha sekondari mjini Machakos, akafuzu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1981. Alifungua ofisi ya uwakili katikati ya jiji, ambako wenye nyumba na wapangaji waliingia wakitukanana na kutoka wakiulizana habari za watoto.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na Bwana Julius Mwololo, mpima ardhi, wakajenga mtaani Mountain View, Nairobi. Bwana Mwololo mwenyewe husema kwamba katika ndoa hiyo alisalimu amri mapema, tena kwa masharti mazuri.

Mwaka 2022 Syokau aliteuliwa mpatanishi wa vita vya nchi jirani, na pande zote mbili, serikali ya huko na waasi, zikakutana katika hoteli moja ya Upper Hill, Nairobi. Mengi yalikubaliwa: vijana wasamehewe, waliochoma vijiji washtakiwe. Likabaki jambo moja, namna ya kutoa bunduki. Serikali ilitaka waasi wapite uwanjani mikono juu, mbele ya kamera. Kamanda wa waasi akasema heri wafie msituni. Mazungumzo yakakwama, na huko vijijini watu wakazidi kuzikwa. Syokau alikonda kwa hasira.

Jumapili moja alimwalika kamanda kanisani kwetu. Wakati wa sadaka waumini waliinuka kiti baada ya kiti, mwenye magari na muuza sukumawiki, wakapita mbele. Kamanda naye akapita. Kwenye chai baada ya ibada, Syokau alimuuliza, "Sasa ile sadaka ulimpa nani? Yule mzee wa kanisa aliyeshika kikapu?"

Kamanda akasema hapana, yule ameshika tu.

"Basi na bunduki ni hivyo hivyo. Haumpi yule adui yako. Mtapita nyote, na askari wao pia."

Wajumbe wa serikali walipoambiwa waliguna. Akawang'ang'ania hadi wakakubali. Tarehe 17 Juni 2023, waasi na kikosi kilichokuwa kikiwawinda walipita mstari kwa mstari, wakaweka silaha juu ya turubai moja. Hakuna aliyepigishwa magoti. Vita vilikwisha, na sisi jamaa yake tunajivunia kulisema hilo kwa sauti.

Wakati huo alikuwa tayari anaugua saratani ya kongosho, na alimficha hata mumewe hadi sahihi ya mwisho ilipotiwa. Alitibiwa kwa muda mrefu. Daktari alipopendekeza dawa nyingine kali, alimgeukia mwanawe Mulwa.

"Nipelekeni nyumbani," alisema. "Na nisiskie mtu akisema nimeshindwa. Nimemaliza."

Alifariki Mountain View alfajiri ya tarehe 3 Februari 2025, akiwa ameshikwa mkono na Bwana Mwololo.

Ameacha mume, watoto, Mulwa na Kavata, mkaza mwana, Shiku, wajukuu, Muli na Wanjira, na vijana wengi wa nchi ile, ambao hatuwajui kwa majina, waliorudi kwa mama zao wakiwa hai.

Mungu ampumzishe Syokau penye amani isiyohitaji mpatanishi.