Mama Marashi na Chupa Namba 41

Ijumaa tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mtunza stoo ya vifaa vya maigizo wa kituo chetu cha televisheni atakabidhi funguo tatu na daftari moja, kisha atastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne kazini. Jina lake liko kwenye faili la utumishi na wanaolijua hawazidi watano. Sisi wengine tunamwita Mama Marashi. Anaondoka bila kifaa hata kimoja kilichopotea mikononi mwake. Anaondoka pia na ahadi aliyoitoa miaka sita iliyopita, ambayo hadi wiki iliyopita hakuna aliyejua kama angeweza kuitimiza. Tutaifikia.

Aliajiriwa kupiga pasi mavazi ya waigizaji. Mwezi wa tatu tangu aanze, igizo moja lilihitaji chupa ya marashi kwa ajili ya meza ya kujipambia ya mke wa tajiri, na msimamizi wa vifaa akaleta chupa ya siki iliyobanduliwa karatasi. Mpiga pasi akasema mke wa tajiri hajipaki siki. Akaambiwa kama anajua sana, alete yake. Kesho yake akaleta chupa tupu ya wifi yake. Hiyo ndiyo namba moja kwenye daftari, na bado iko rafuni. Leo ziko themanini na sita, nyingi zikiwa zimetoka majumbani mwetu. Hakuna mfanyakazi wa jengo hili ambaye hajawahi kusimamishwa kwenye ngazi na kuulizwa marashi yake yamebaki kiasi gani.

Kanuni yake ni fupi: harufu haipiti kwenye waya, kwa hiyo chupa ndiyo iseme. Kabla mwigizaji hajashika mstari wa kwanza, Mama Marashi huwa ameshaamua mhusika anajipuliza nini. Meneja mwongo hupewa chupa kubwa iliyojaa hadi shingoni. Mke aliyechoka na ndoa hupewa iliyobaki kidole kimoja. Mwalimu mkuu aliwahi kupewa kichupa kidogo kikafichwa kwenye droo, na droo haikufunguliwa katika sehemu zote kumi na tatu. Alipoulizwa kwa nini alijisumbua, alijibu kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa anajua kimo humo. Mwigizaji aliyecheza nafasi hiyo anakiri kwamba alikuwa akiifikiria droo ile kila alipoingia ofisini.

Marashi ya kweli hayamo kwenye chupa hata moja. Mwanzoni yalikuwemo. Siku moja, katika studio isiyo na dirisha, bwana harusi mmoja alijipuliza mara saba kwa sababu mwongozaji hakuridhika na mkono wake. Mshika maikrofoni alitokwa na machozi, mpigapicha akapiga chafya katikati ya kiapo cha ndoa, na Mama Marashi mwenyewe akatolewa nje akiwa amevimba macho. Ndipo ikajulikana kwamba mtunza marashi wetu hawezi kuvumilia marashi. Kuanzia siku hiyo chupa zikajazwa chai ya rangi: nyepesi kwa wasichana, ya wastani kwa mama wa nyumbani, iliyokolea kwa majambazi. Bwana harusi wa pili alijipuliza chai hiyo kwenye shati jeupe, mbele ya kamera, akaonekana kama mtu aliyemwagikiwa na kifungua kinywa. Kwa hiyo kukaja utaratibu mwingine: chupa ya kutazamwa tu ina utepe mwekundu kitakoni, na ya kujipuliza ina maji safi. Ajali ya tatu haijatokea.

Kwa kuwa kituo hakitangazi bidhaa ya mtu bure, yeye hubandua lebo kwa maji ya moto na kubandika za kwake, zenye majina anayoyatunga akiwa anakunywa ile chai inayobaki. Mwaka mmoja mwenye duka la vipodozi alifika mapokezi akiwa amekasirika. Wateja kumi na wanne walikuwa wamemuulizia marashi ya mama mkwe wa kwenye igizo la Jumapili, naye alitaka kujua yanaagizwa wapi. Mama Marashi akamshusha stoo, akamwonyesha birika.

Hata hivyo, mtu aliyeyajua marashi ya kituo hiki kuliko wote hakuwahi kufika hapa. Ni fundi cherehani mstaafu anayeishi na binti wa kaka yake, na kwa miaka kumi na moja amepiga simu mapokezi kila Jumatatu saa tatu na robo asubuhi. Watazamaji wengine hulalamikia mavazi au matangazo. Yeye huzungumzia chupa tu. Dada wa mapokezi alimbatiza Shangazi wa Jumatatu na akamfungulia ukurasa wake kwenye daftari la simu. Simu ya kwanza imeandikwa hivi: "Chupa ya mke wa waziri ni ile ya mjane wa mwaka juzi. Kauza au kaibiwa?" Mama Marashi alikagua daftari, akakuta ni kweli, akaweka sheria kwamba chupa isirudi hewani kabla ya miaka mitatu. Shangazi alipoambiwa, alisema miaka mitatu si kitu, yeye anakumbuka mpaka vifungo vya mashati aliyoshona akiwa msichana. Ushindani ukaendelea namna hiyo kwa miaka mitano, wawili hao wasijuane hata sauti.

Kisha likaja igizo la upelelezi lenye sehemu ishirini na sita. Wosia wa marehemu umeibwa, na mwizi ameangusha chini ya meza kizibo cha kioo chenye umbo la tone. Inspekta anatembea na kizibo hicho mfukoni hadi sehemu ya ishirini na nne, anapoikuta chupa isiyo na kizibo nyumbani kwa wifi wa marehemu. Jibu hilo lilijulikana kwa watu wanne, Mama Marashi akiwa mmoja wao. Kituo kilikuwa kimewaalika watazamaji wabashiri mwizi, zawadi ikiwa friji, na barua zilikuwa zinaingia kwa magunia.

Sehemu ya tisa ilikuwa na tukio la dakika moja chumbani kwa yule wifi. Mama Marashi akapanga meza ya kujipambia kama anavyopanga zote: mtu na chupa yake. Kama chupa namba 41 ni ya wifi, basi iko kwake tangu siku ya kwanza chumba chake kinapoonekana, na kama kizibo kiko kwa inspekta, basi chupa haina kizibo. Akaiweka nyuma ya kitana na kopo la poda. Mwongozaji hakuiona. Mpigapicha hakuiona. Mhariri aliitazama mara sita bila kuiona. Ilikaa kwenye kioo cha televisheni kwa sekunde tatu, Jumapili saa moja na nusu jioni.

Jumatatu saa tatu na robo, dada wa mapokezi aliandika: "Mwizi ni wifi. Chupa yake haina kizibo. Mwambieni inspekta akapumzike, viatu vinaisha bure."

Mwongozaji alipoonyeshwa ukurasa ule alikaa chini kwenye ngazi. Mwanamke mmoja mwenye simu na majirani angetosha kuliua igizo zikiwa zimebaki wiki kumi na tano, na shindano la friji pamoja nalo. Kabla ya saa sita mchana barua ya kumhamishia Mama Marashi stoo ya magari, akahesabu matairi hadi astaafu, ilikuwa imeshachapwa ikisubiri sahihi. Hakujitetea. Alisema chupa ilikuwa mahali pake, ila kamera ndiyo iliyowahi. Akaomba saa moja, akaenda mapokezi, akapiga namba iliyokuwa kwenye ukurasa wa Shangazi.

Mazungumzo yalichukua dakika kumi na moja na yamehifadhiwa na dada wa mapokezi, ambaye anakiri kwamba hakuondoka mezani. Shangazi alidhani anapigiwa kukaripiwa, akaanza yeye: kama ni kosa, basi wamkamate na televisheni yake. Mama Marashi akamwambia, "Dada, umeona kweli." Shangazi akasema aliishi kwenye ndoa miaka ishirini na minane na hakuwahi kuambiwa neno hilo. Akaombwa afunge mdomo kwa wiki kumi na tano. Akauliza atapata nini. Akaulizwa anataka nini. Hakutaja friji. Alitaka chupa.

Mama Marashi akamwahidi.

Shangazi alinyamaza kwa wiki zote kumi na tano. Hata binti wa kaka yake hakumdokeza, na binti huyo, aliyekuwa anakaa naye kochi moja, alituma jibu kwamba mwizi ni dereva, akalikosa friji. Inasemekana walinuniana hadi sikukuu. Sehemu ya ishirini na nne ilipoonyeshwa, simu za mapokezi hazikupumua siku mbili, na barua ya matairi ikaingia kwenye mashine ya kuchana karatasi. Jumatatu Shangazi alikuwa na swali moja tu: "Chupa yangu iko wapi?"

Hapo ndipo Mama Marashi alipokwama. Kanuni za stoo zinasema kifaa kilichoandikishwa hakitoki nje ya kituo kwa zawadi wala kwa hisani. Kanuni hizo aliziandika yeye. Aliomba kibali kwa uongozi mara tano, na mara tano akajibiwa kwa kunakiliwa ibara yake mwenyewe. Chupa inaingia kwenye mkoba wa kawaida na mlinzi wa lango hakagui mikoba, lakini wazo hilo lilipotolewa na mmoja wetu, alimtazama mpaka akaondoka. Badala yake aliitenga namba 41 kwenye rafu ya juu, pamoja na kizibo chake, na haikuonekana tena katika igizo lolote. Tangu hapo simu za Jumatatu huunganishwa moja kwa moja stoo. Shangazi hutaja alichokamata wiki hiyo, kisha huuliza, "Na mwenzangu hajambo?" Mama Marashi hutazama juu na kujibu, "Hajambo, anakusalimu."

Mwezi uliopita kamati ya zawadi ilimuuliza mstaafu anataka saa ya ukutani ya rangi gani. Alijibu kwa maandishi, mstari mmoja: hataki saa, anataka chupa namba 41, ifutwe rasmi kwenye daftari. Kibali kilitiwa sahihi Jumanne ya wiki iliyopita na mwongozaji yule yule, ambaye sasa ni mkuu wa maigizo. Pembeni aliandika kwa kalamu kwamba sekunde tatu zile ndizo pekee katika igizo zima ambazo hazikuwa na kosa.

Jumatatu hii Shangazi alipewa habari. Akauliza kama chupa bado ina ile chai. Akaambiwa ndiyo, iliyokolea. "Basi aimwage huko huko," akasema, "aje nayo Jumamosi. Huku chai tutakunywa kwenye vikombe."

Mama Marashi, asante kwa miaka yote uliyotulazimisha tutazame vizuri. Uwe na afya, upumzike, na macho yako yasichoke. Jumatatu simu itakapolia saa tatu na robo tutapokea tukijua kwamba sasa kochini kwa Shangazi mko watatu, na stoo yetu imeanza kutetemeka mapema.