Mwalimu Severin Kobelo, Aliyekataza Kubahatisha

Ndugu waombolezaji, tuliyekuja kumzika hapa Mlali leo, Jumamosi tarehe 10 Mei 1997, ni Mwalimu Severin Eustace Kobelo. Mimi ni Rahel, binti yake wa kwanza. Karatasi mliyogawiwa ina nusu tu ya haya nitakayosoma. Mjomba Fransisko aliniomba aone kwanza nilichoandika, nami nikamwonyesha ukurasa wa mwanzo.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948, huko juu mlimani, mtoto wa tatu wa Mzee Eustace Kobelo na Mama Veronika, wakulima wa maharage na migomba. Alibatizwa akiwa na wiki mbili. Alianza shule mwaka 1956, akitembea saa mbili kwenda na saa tatu kurudi kwa kuwa kurudi ni kupanda. Alimaliza darasa la nane mwaka 1963. Baada ya miaka miwili ya kulima na baba yake alichaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu, akatoka mwaka 1967 na cheti cha daraja la C na viatu vya kuazima. Januari 1968 aliripoti Shule ya Msingi Mgozo, na hapo alifundisha hisabati miaka ishirini na tisa bila kuhamishwa. Wengine wanasema ni uaminifu. Wengine wanasema hakuna shule nyingine iliyomtaka.

Alifunga ndoa takatifu na Yustina, mama yangu, tarehe 4 Oktoba 1975. Mama hajawahi kulalamika hadharani, basi nitalalamika mimi kwa niaba yake. Mwaka 1986 mhadhiri mmoja wa chuo cha Mzumbe alikuwa anahama na kuuza vyombo vya nyumbani. Mama alimtuma baba akanunue kitanda. Baba akarudi na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kinachohusu hesabu za kupanga, kuchagua na kuunganisha.

Mama alimwangalia, akasema, "Haya, kilalie."

Alikisoma miaka miwili kwa msaada wa kamusi. Alipokimaliza, alianza kuwafundisha watoto wa darasa la tano mambo ambayo hata wakaguzi hawakuwa wameyasikia. Hakutaja majina makubwa. Alituita watoto wanne, Pili, Abasi, Eustace wajina wa babu na mimi, akatuketisha kwenye dawati moja na kuuliza tuna namna ngapi za kukaa. Tulibadilishana nafasi asubuhi nzima huku darasa likihesabu kwa sauti. Tulipofika namna ya kumi na tisa, mkaguzi akaingia.

"Mwalimu, hii ni hesabu gani?"

"Ya kukaa, mzee. Subiri kidogo, zimebaki tano."

Siku nyingine alichora vijia vyote vya kijiji kwa majivu uwanjani. Akasema katekista anataka kupita kila kijia mara moja tu, bila kurudia hata kimoja, je, ataweza? Tulitembea Jumamosi nzima, tukashindwa. Pili ndiye aliyekaa chini akagundua kwamba kosa halikuwa la miguu yetu. Penye njia panda ya vijia vitatu, ukiingia na kutoka, kimoja kinabaki, na njia panda za namna hiyo zilikuwa nne. Haiwezekani, akasema, na haitawezekana hata tukitembea mpaka Pasaka. Baba alipiga makofi peke yake. Nasema wazi mbele ya jeneza lake: sijawahi kufurahi tena kama nilivyofurahi katika darasa lile.

Alikuwa na sheria moja. Asiyejua asijibu. Kubahatisha, alisema, ni wizi, tena wizi wa kijinga maana hujui hata umeiba nini. Enzi ya ruksa ilipoingia, serikali ikalegeza masharti na kila kitu kikawa biashara, na walimu wenzake wakafungua tuisheni za jioni. Huko watoto walifundishwa kwamba ukikwama, weka B. Baba alikataa tuisheni na alikataa B.

Mwaka 1990 darasa letu lilifanya mtihani wa kumaliza la saba. Maswali ya kuchagua, kila moja na majibu manne. Tulikuwa thelathini na wanane, na sote tulimtii mwalimu wetu. Mimi niliacha wazi maswali kumi na moja. Mwaka uliotangulia Mgozo ilipeleka watoto watano sekondari. Mwaka wetu haikupeleka hata mmoja. Mwalimu mkuu alirudi kutoka wilayani, akatwambia nyumbani kwamba mimi nimekosa kwa alama mbili.

Nilichukua chaki nikaandika ukutani: kumi na moja gawa kwa nne.

"Baba, ningefumba macho tu na kuweka alama, ningepata mbili. Labda tatu."

"Najua," akasema. "Nilipiga hesabu hiyo kabla yako."

"Lini?"

"Januari."

Januari! Mtihani ulikuwa Septemba. Alikuwa na miezi minane ya kutwambia.

"Ungepata kwa kubahatisha," akasema, "ungekuwa umejifunza nini?"

"Ningekuwa fomu wani, baba."

Hakunijibu. Hakujua jibu, naye alikuwa mtu wa kufuata sheria yake.

Mnajua kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Mjomba Fransisko, uliyekaa pale mbele, ulikuja wiki ile ile ukasema, "Baba amekuwa na zamu yake, sasa ni yetu." Niliwekwa ndani miezi mitatu, mwali, nikafundwa. Mwaka 1992, nikiwa na miaka kumi na sita, nikaolewa na Castory, muuza mitumba mjini Morogoro. Baba aliitwa kwenye kikao, akakaa, akanywa chai. Kikombe kilipokwisha, akaaga. Kazini walimshusha darasa la pili, mahali ambapo hakuna mtihani wa kuharibu, na wazazi wengi mnaolia leo mlimwita mwendawazimu, na mchawi pia. Vikombe vya chai mlivyoshika ni vya nyumba hiyo hiyo ya mchawi.

Alhamisi tarehe 13 Machi mwaka huu, akiwa mbele ya ubao, alipatwa na kiharusi. Alifikishwa hospitali mjini jioni hiyo. Upande wa kulia ulikufa, mdomo ukapinda, na namba zikamtoka kichwani zote. Siku ya tatu daktari alimwinulia vidole vitatu.

"Mwalimu, hivi vingapi?"

Baba alivitazama. Hakujua, kwa hiyo hakujibu. Nilimwinamia nikasema kwa sauti ambayo daktari pia aliisikia, "Bahatisha, baba."

Akanigeukia. Akasema, "Saba."

Nilicheka. Mama alinizaba kofi mbele ya wodi nzima. Baba akajaribu tena, "Nne." Akajaribu tena, "Moja." Daktari alikuwa ameshashusha mkono. Baba hakuwa akitazama vidole, alikuwa akinitazama mimi.

Tangu siku hiyo, kila nilipoingia wodini alinitajia namba. Hakuna aliyemuuliza. Tisa. Mbili. Kumi na sita. Mama alinisihi, "Mwambie amepata, mwanangu. Neno moja tu, mzee atulie." Nilimnywesha uji, nikamfuta kidevu, nikanyamaza. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 8 Mei kikamjia kiharusi cha pili, akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na minane.

Ameacha mjane, Yustina, watoto watatu, Rahel, Joyce na Bonifasi, dada yake Yuliana, wajukuu wawili, na wanafunzi ambao hesabu yao alikuwa nayo yeye mwenyewe.

Familia imeniagiza nimalizie kwa kusema kwamba tumemsamehe. Ni kweli. Mimi nilimsamehe pale pale aliposema saba. Sikumwambia. Nilitaka aendelee kubahatisha kidogo.

Mungu ampe amani, apumzike.