Jussara, Aliyetaka Siri za Wagonjwa Zifungwe Haraka

Ndugu na majirani mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi, kwa niaba ya mumewe Anselmo na binti yao Iolanda, tunawasomea maisha ya mpendwa wetu Jussara Bertolazzi Quadros.

Jussara alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 mjini Piracicaba, mtoto wa pili wa mkata miwa na fundi cherehani, akasoma hukohuko hadi sekondari, na mwaka 1997 akahitimu masomo ya kompyuta hapa Campinas. Tarehe 14 Juni 2003 alifunga ndoa na Anselmo, mwalimu wa muziki, na tarehe 2 Agosti 2006 wakajaliwa Iolanda, mtoto wao wa pekee.

Mwaka 2011 aliajiriwa na hospitali moja ya mjini kusimamia seva, zile kompyuta kuu zinazohifadhi habari zote, na kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa usimbaji, yaani kuzigeuza habari za wagonjwa kuwa maandishi ya siri, ili hata mwizi akizipata asiweze kuzisoma. Lakini usimbaji ulizielemea seva, kompyuta za mapokezi zikawa zinaganda, na muuguzi Neide, rafiki yake, akawa anampigia simu akifoka, "Dada Jussara, hiki kidude chako kinasali rozari nzima kabla ya kunifungulia jina moja! Njoo basi umshike huyu mama mgonjwa mkono, mimi nimebaki kukodolea kioo!" Tarehe 4 Februari 2019 uongozi ukauzima usimbaji kwa muda, mpaka Jussara atakapoupa kasi.

Akaandika, akafuta, akaandika tena, akaipanga upya programu ili seva isimbe mafungu mengi kwa mkupuo mmoja badala ya fungu mojamoja, na Septemba, alipoijaribu kwenye kompyuta moja ya mapokezi, ikawa nyepesi hata Neide akauliza kama kweli imewashwa. Aliikabidhi kwa wakubwa, akaambiwa asubiri idhini, akafuatilia, akajibiwa, "Mama, haraka ya nini, kwani seva si zinakwenda vizuri?" Zilikwenda vizuri, kwa kuwa zilikuwa wazi.

Tarehe 11 Mei 2020 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye seva, wakazitandaza habari za wagonjwa mtandaoni, majina na magonjwa, na mwokaji wa mtaani kwetu, Edivaldo, aliyekuwa akitibiwa Ukimwi kimyakimya, akakimbiwa na wateja, akazima tanuri, akahama bila kuaga. Tangu hapo Jussara hakuitaja tena kazi yake mezani.

Machi 2024 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa hospitalini humohumo, na kabla ya kuuliza habari za ugonjwa wake alimwuliza Neide kama usimbaji umewashwa, naye akamjibu, "Bado, dada, wanasema watakaa kikao." Akageukia ukutani. Alifariki jana, tarehe 19 Juni, mkono wake ukiwa mkononi mwa Anselmo.

Tunawashukuru madaktari, Neide na wauguzi wenzake, majirani mliotupikia, na wafanyakazi wenzake mlioketi naye. Kwa wakubwa hatuna la kusema ambalo hakuwaandikia mwenyewe, programu yake wanayo, nzima, na habari za kifo chake wameziingiza palepale palipo wazi, kwenye seva zilezile.

Pumzika kwa amani, Jussara, sisi huku hatunayo.