Wilkista Naliaka, Aliyepima Asali ya Nyumbani Kwake

Watumishi wa Mungu, jamaa na majirani wa Cheptais, mimi ni Jerono, kifungua mimba wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha ya mama yetu, Wilkista Naliaka.

Mama alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 huko Kabuchai, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Wekoye na Mama Phelista, ambaye tuko naye hapa. Alisomea huko huko Kabuchai hadi kidato cha nne, mwaka wa 2001, kisha akajifunza kazi ya maabara mjini Kitale, na mwaka wa 2006 akaajiriwa huko katika maabara ya kupima vyakula.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mabaki ya dawa za kunyunyizia mimea, ndani ya sukuma wiki, nyanya, maziwa na zaidi asali, dawa ambayo jicho haliioni wala ulimi hauisikii, na kwa sababu hiyo hakuonja asali ya mtu yeyote kabla haijapimwa, hata ugenini, hata alipoitwa mwenye maringo.

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na baba yetu, Kimutai, wakabarikiwa na watoto wawili, mimi na Kevin.

Mwaka wa 2021 asali ya kikundi cha wafugaji nyuki cha hapa, kinachoongozwa na baba mkubwa Kipkirui, ilifika mezani pake, na mashine ikaonyesha dawa ya kuua wadudu. Mama alipima tena, akitamani awe amekosea, jibu likawa lile lile, na mnunuzi akakataa mzigo wote. Alieleza kwamba nyuki waliitoa dawa hiyo kwenye maua ya maharagwe yaliyonyunyiziwa asubuhi, na kwamba hakuna mfugaji aliyetia kitu, lakini baba mkubwa alisema mke wa ndugu yake amemwita mwuaji mbele ya kaunti nzima, na hawakusalimiana tena. Jambo hilo lilimuuma mama sana, kwa maana baba mkubwa ndiye aliyempokea hapa akiwa bibi arusi.

Mwaka wa 2024 mama aliugua figo, nikaacha shule kidato cha pili ili nimtunze, akawa anasafishwa damu hospitalini mjini Bungoma. Mwezi uliopita baba mkubwa aliingia wodini na chupa ya asali, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Wilkista, siku hizi majirani wananyunyizia jioni, nyuki wakisharudi. Hii ndiyo ya kwanza. Haijapimwa bado."

Mama akamjibu, "Kwa hivyo shemeji, umekuja kunimaliza?"

Walicheka, kisha baba mkubwa akalia, na mama akachovya kidole, akalamba.

Alituacha asubuhi ya Jumamosi, tarehe 4 Oktoba 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bungoma, wenzake wa maabara ya Kitale, kanisa, na ninyi majirani mliokubali kungoja jioni. Mama, maumivu yamekwisha, sasa pumzika.