Mafua Yalikotoka

Mwaka ule wa vita, mafua makali yalipotanda pwani nzima, nilipanda lori la Palma kwenda Mocímboa. Mbele yangu mzee Cassamo, muuza vitambaa, alijisogeza mbali na Bi Somoe, mama asiyemjua, kwa kuwa mama huyo alikuwa akikohoa.

“Mafua hayo yametoka Mtwara,” akasema.

Siku hizo aliyevuka mto Ruvuma kwenda Mtwara alifungwa, kwa hiyo sote tukatazama pembeni.

“Yametoka kambini, baba,” Somoe akajibu. “Alianza mpishi wa askari, akafuata mkewe, kisha mtaa wetu wote.”

“Mbona kule mpakani walikohoa kabla ya huyo mpishi? Na Mtwara kabla yao. Soko zima la huko limeugua, hata yule muuza kahawa wa bandarini, sauti imemkauka kabisa.”

“Ehee! Na wewe, baba, sauti yake uliisikia lini?”

Mzee akakohoa ghafla. Sidhani kama yalikuwa mafua.

Lori likasimama kizuizini. Askari akafunua turubai huku akifuta kamasi, akauliza nani kati yetu ameleta ugonjwa kutoka ng'ambo.

“Hapa hatuna mgonjwa, bwana,” mzee na Somoe wakajibu kwa pamoja, na lori zima tukabana pumzi tusikohoe.