Shela ya Kijani

Treni ilikwenda taratibu, kama imesahau inakokwenda. Mbele yangu dada mpiga video za harusi alikuwa akimhoji fundi kompyuta aliyekaa naye kituo kilichopita tu.

"Nina uwezo wa kununua kitu kimoja tu, kaka. Kompyuta yenye nguvu, au kioo kizuri cha kompyuta?"

"Kioo."

"Na hii mashine inavyojikokota? Harusi moja inaipika kutwa nzima, ndipo video itoke!"

"Ikijikokota, wewe lala. Kioo kikikudanganya, unadanganywa ukiwa macho."

Dada akacheka. Mwezi uliopita, akasema, alimaliza kazi shela ikiwa nyeupe pe kwenye kioo chake. Kwenye televisheni ya wakwe wa bibi harusi ikatoka kijani. Walimrudishia kazi yao. Ya Jumamosi hii ikiharibika, nani atamwita tena?

"Kioo, dada," fundi akarudia, kana kwamba yeye ndiye anayeolewa.

"Lakini hawa wa Jumamosi wanataka kazi Jumapili!"

Tukaingia chini ya miti, sote tukageuka kijani kama chupa. Dada akainua kiganja dirishani, akakitazama kama cha mtu mwingine. "Na hiki, kaka, ni rangi gani kweli?"

Fundi akainama kukichunguza. Treni ikasimama palepale, chini ya miti.