Mama Taratibu, Friji na Kiharusi Changu

Yote mliyosikia kuhusu siku niliyopata kiharusi, yafuteni. Karani wa mapokezi anasema Mama Taratibu alikuja mbio na sindano mkononi. Mbio za nani? Miaka ishirini na sita nimesukuma machela kwenye hospitali hii, na hapakuwa na msukuma machela kama mimi, ulizeni. Sikuwahi kumwona yule mama akikimbia, hata mvua ilipomkuta uwanjani. Sasa anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya miaka thelathini na moja, na mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, kwa hiyo nisikilizeni mimi.

Alianza kwa kuosha chupa stoo ya dawa. Baadaye akakabidhiwa friji, na hapo ndipo tulipokoma. Asubuhi na jioni anasoma kipimajoto. Umeme ukikatika anaweka kiti mbele ya mlango wa friji na kuuegemea kwa mgongo, usifungue wewe wala mganga mkuu. Na daftari! Kila anayeleta au kuchukua dawa aandike saa na sahihi. Mwisho wa mstari pana nafasi ya maelezo. Wenzake huandika "sawa" wakaendelea na maisha. Yeye aliandika kila kitu, mpaka utani wangu, neno kwa neno, ampelekee metroni. Kwa daftari hilo nimekula barua tatu za onyo.

Sasa siku yenyewe. Mimi nilikuwa na mchezo wa kuigiza wagonjwa. Naburuza mguu koridoni, napinda mdomo, manesi wanakufa kwa kicheko. Siku hiyo mguu ukaburuzika wenyewe. Watu wakacheka. Mdomo ukapinda, wakacheka zaidi, na karani akapiga makofi. Saa saba mchana nikaanguka kwenye benchi karibu na stoo ya mashuka, bado kuna mtu anasema, "Leo mzee umepatia kweli kweli!"

Mimi nilikuwa sijui niko wapi. Kulikuwa na mkono juu ya tumbo langu, nikadhani wa mtu mwingine, nikawa nataka kumwambia autoe. Kumbe wangu.

Daktari wa zamu akaja, akaacha kucheka, akanipeleka kwenye mashine ya kupiga picha ya kichwa. Damu haikuwa imevuja, ni donge limeziba mshipa. Dawa ya kuliyeyusha ipo, lakini haitolewi ovyo. Yakipita masaa manne na nusu tangu mtu aonekane mzima mara ya mwisho, inaweza kumvujisha damu kichwani ikammaliza. Daktari akauliza, "Nani alimwona akiwa mzima, na saa ngapi?"

Karani akasema, "Daktari, huyu anaburuza mguu kila siku." Mwingine akasema saa tano mdomo ulikuwa umepinda, ila labda ulikuwa utani. Mke wangu alipopigiwa simu akasema niliondoka nyumbani mzima saa kumi na mbili alfajiri. Kwa hesabu hiyo nimechelewa, nimsubiri Mungu.

Mama Taratibu akaingia kwa mwendo wake uleule, daftari kwapani. "Saa nne na robo," akasema. Akasoma: "Msukuma machela ameleta boksi la insulini. Amesimama kwa mguu mmoja akinicheka ninavyotembea. Amesema, 'Mama, friji yako itastaafu kabla hujafika mlangoni.' Naomba achukuliwe hatua." Na sahihi yangu hiyo hapo, imenyooka.

Daktari akatazama sahihi, akatazama saa. "Mtu aliyesimama mguu mmoja na kutukana vizuri hivyo alikuwa mzima," akasema. "Leta dawa!"

Dawa ni unga ndani ya kichupa, unachanganywa na maji. Daktari anasema haraka, nesi anasema haraka, Mama Taratibu anakizungusha kichupa polepole kama anambembeleza mtoto. "Ukitikisa inatoa povu," akasema. "Tulieni." Mimi nimelala pale nikikumbuka kila nilichowahi kumwambia juu ya huo upolepole wake.

Nimemuuliza mara kumi ile dawa ni kitu gani. Anasema seli za mwili wetu zinatengeneza vimeng'enya, kila kimoja na kazi yake. Kipo kimoja kinachokiamsha kingine, na hicho kilichoamshwa ndicho kinachomeng'enya donge. Nikauliza, mbona cha kwanza kisifanye chenyewe? Akasema, "Kwani wewe ukileta mgonjwa na machela, unampasua?" Nikaelewa, dakika moja. Halafu akasema donge likiwa kubwa vyetu havitoshi, basi vingine hutengenezwa ndani ya seli za mnyama wa ukoo wa panya, ndiyo dawa yenyewe. Nikapotea tena. Mpaka leo panya akipita jikoni mke wangu anashika ufagio, mimi nasimama katikati sijui niko upande gani.

Saa moja baada ya kuchomwa dawa ulimi ukarudi. Wote wakainama kunisikiliza, nami nikasema wazi kabisa, "Mama Taratibu, umechelewa." Wodi nzima ikaangua kicheko.

Mama, kwa niaba ya wote uliowazuia wasifungue friji, asante. Afya iwe yako, na wajukuu wakuache ulale mchana.

Ila hapo pa "umechelewa" nimetunga. Hakuna aliyecheka. Nilichosema ni "Usiondoke," na wewe ukavuta stuli ukakaa, zamu yako ikaisha na bado umekaa. Tarehe thelathini sitalisema tena neno hilo. Nenda, mama. Nimekuruhusu.